Barua za Begi Mgongoni: Basi Jekundu la Kwenda Anuradhapura

Barua nyingi za mwezi huu zimetokana na aya mbili nilizoandika toleo lililopita, kwamba sehemu ya kiinua mgongo changu imeishia Sri Lanka, kwenye mabasi ya kawaida, nikizunguka magofu ya Kibudha. Wapo walionipongeza. Wapo walionikumbusha kwamba viwanja vya Chanika bado vinauzwa. Nyote nimewasikia, tuendelee.

*

Shikamoo Mwalimu. Nauza kwenye duka la dawa Tabata Segerea. Mwezi wa saba naenda Colombo kwa mafunzo ya kazi, na yakiisha nitabaki na siku nne za kwangu. Nataka kuona miji ya kale ya Anuradhapura na Polonnaruwa. Wenyeji wangu wa kule wananisihi nikodi gari na dereva, wanasema mabasi yao si ya wageni. Hela ya gari ninayo, lakini kwa kujibana. Wewe ungefanyaje?
Dada wa Dawa, Tabata

Marahaba mwanangu. Panda basi.

Wenyeji wako wanakupenda, ndiyo maana wanasema hivyo. Hata sisi mgeni akitufikia hatumwambii apande gari la Mbagala saa kumi na moja jioni. Lakini wewe umekulia humo. Unajua kushika bomba, unajua kulinda pochi, unajua kusoma uso wa konda. Huo ujuzi wote unasafiri nao bure, hauhesabiwi kwenye kilo za mzigo.

Stendi za Colombo ziko Pettah, jirani na stesheni ya reli ya Fort. Pettah ni Kariakoo yao, basi elewa hapohapo mambo ya simu na mkoba. Utasikia makonda wanaimba majina ya miji mpaka sauti zinakauka, na vibao vya mbele vimeandikwa kwa Kisinhala, Kitamil na Kiingereza, kwa hiyo hupotei. Mabasi yako ya aina mbili. Mekundu ni ya serikali, ya shirika ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1958 mabasi yalipotaifishwa. Ya rangi nyingine ni ya watu binafsi, yana mbio zaidi, muziki zaidi, na mbele ya dereva kuna picha ya Buddha inayowakawaka taa za rangi, mara nyingine pamoja na Ganesh wa Wahindu na hata Yesu, dereva kajikinga pande zote. Yapo pia madogo yenye kiyoyozi. Hayo madogo mimi siyapendi: magoti yanagusa kidevu na ukiwa na begi kubwa unaweza kuambiwa ulilipie siti.

Chukua jekundu. Ni la polepole, madirisha yanafunguka, na begi utalipatia pa kuliweka, ama kando ya dereva ama kule nyuma. Nauli hailipwi dirishani. Gari likishaondoka konda anapita kati ya watu, unamtajia unakoshukia, anakukatia tiketi. Ukimpa noti kubwa chenji inaweza kuchelewa. Usianze ugomvi, subiri, mkumbushe mkikaribia. Siti za mwanzo zimeandikwa kwamba ni za watawa, na si mapambo: akipanda mtawa mwenye joho la rangi ya zafarani, aliyekaa pale ananyanyuka, awe bibi, awe mbunge.

Kaa upande wa kushoto. Kwanza unaelekea kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua liko kulia. Pili, wao nao wanaendesha kushoto kama sisi, na ukikaa kulia utayaona magari yote yanayokuja mbele wakati dereva wako anayapita mengine kwenye kona. Kuna mambo si lazima mtu ayaone.

Colombo hadi Anuradhapura ni kama kilomita 200. Usizigawanye kwa mwendo wa barabara ya Morogoro usiku. Hesabu saa tano au zaidi, maana gari linasimama kwa kila mwenye kunyoosha mkono. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, utafika umechoka lakini hujafa njaa. Njiani wachuuzi wanapanda na makapu ya vade, ni bagia za dengu tu, nyingine zimebandikwa kamba mzima juu, zimefungwa kwenye karatasi iliyokwisha kutumika. Niliwahi kula moja iliyofungwa kwenye kazi ya hesabu ya mwanafunzi. Alikuwa amekosa namba tatu. Mwalimu hastaafu.

Sasa, Anuradhapura yenyewe. Usiende ukidhani ni uwanja mmoja wenye uzio na mlango. Ulikuwa mji mkuu kwa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka jeshi la Wachola kutoka India ya kusini lilipouvamia mwishoni mwa karne ya 10, na magofu yake yametawanyika kilomita nyingi za mraba katikati ya miti na mabwawa. Kodi baiskeli kwenye nyumba ya wageni. Kama baiskeli na wewe hamjaelewana, kodi bajaji kwa nusu siku. Ni bajaji hizihizi, kiwanda kilekile, utajisikia nyumbani mpaka mtikisiko.

Anzia Ruwanwelisaya, asubuhi mapema. Ni stupa, jengo la duara kama bakuli kubwa lililofunikwa, jeupe pe, lenye kimo kinachozidi mita 100, lililoanzishwa na mfalme Dutugemunu katika karne ya 2 KK na kukarabatiwa tena na tena. Ndani hakuna chumba. Limejaa matofali mpaka juu, na katikati huzikwa masalio matakatifu, kwa hiyo watu hawaingii, wanalizunguka. Utakuta familia nzima zimevaa nguo nyeupe, zimebeba maua ya yungiyungi, na mara nyingine zimeshika kitambaa kirefu cha rangi ya machungwa, watu makumi wamekinyanyua juu ya vichwa, wanazunguka nacho ili kikafungwe kwenye stupa. Hapo ndipo nilipofunga kitabu changu cha mwongozo. Nilikwenda kutazama magofu, nikakuta watu wako kazini.

Hatua chache kusini kuna mti wa Bodhi. Kwa mapokeo yao ni chipukizi la ule mti ambao Buddha alikaa chini yake kule Bodh Gaya, India, akapata mwangaza. Uliletwa na Sanghamitta, mtawa wa kike, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 KK, na umekuwa ukilindwa na kuandikwa habari zake tangu wakati huo. Matawi yameegemezwa kwenye nguzo za rangi ya dhahabu kama mzee anayeshikwa mkono. Usitarajie kuugusa.

Halafu nenda Jetavanarama, stupa nyingine, ambako watu ni wachache na mimi ndiko nilikokaa muda mrefu. Iliyoianza ni amri ya mfalme Mahasena, mwishoni mwa karne ya 3 BK. Ilikuwa na kimo cha mita 122, na inahesabiwa kwamba kwa wakati wake ni piramidi mbili tu za Giza zilizoizidi. Leo imebaki kama mita 71, matofali matupu mekundu, na wataalamu wanakadiria yaliyotumika ni milioni 93. Mtu yeyote aliyewahi kujenga kibanda cha vyumba viwili kwa tofali za kununua kidogokidogo atasimama pale akae kimya.

Siku inayofuata panda basi la kwenda Polonnaruwa kupitia Habarana, kama kilomita 100. Eneo hilo lina tembo, na jioni huonekana barabarani kabisa. Basi linasimama, linasubiri, hakuna anayepiga honi. Cha muhimu ni hiki: stendi kuu ya Polonnaruwa haiko Polonnaruwa. Iko Kaduruwela, kilomita kama nne mbele. Mwambie konda unashukia mji wa kale, karibu na bwawa. Lakini siku ya kurudi Colombo fanya kinyume: chukua bajaji hadi Kaduruwela ukapande pale linapoanzia, upate siti. Ukilisubiri njiani utasimama kwa muda wa saa sita.

Polonnaruwa ni ndogo na imekusanyika, baiskeli inatosha kabisa. Ilikuwa mji mkuu baada ya Anuradhapura, na enzi yake kubwa ni ya Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1153 hadi 1186. Bwawa lake wamelipa jina la bahari, na ukilitazama huoni kosa. Bado linamwagilia mpunga. (Sisi wa Kimara tunaosikia bomba likikohoa tu, tusiseme kitu.) Uache mwisho Gal Vihara: sanamu nne za Buddha zilizochongwa kwenye mwamba mmoja wa itale. Aliyelala ana urefu wa mita 14. Tazama mto aliolazia kichwa. Mchongaji ameubonyeza, jiwe limezama chini ya uzito wa kichwa kama sufi.

Siku nne zinatosha: moja ya kwenda, moja Anuradhapura, moja Polonnaruwa pamoja na njia, na ya mwisho ya kurudi. Mwezi wa saba kule ni kiangazi. Hela uliyookoa kwenye gari usiimalize madukani, utaihitaji kwenye viingilio. Soma barua ya mwisho hapa chini.

*

Asalaam aleykum Mwalimu. Mwanangu anasoma India na wenzake wanapanga kwenda hayo magofu wakati wa likizo. Ameniuliza kama inafaa Mwislamu kuvua viatu na kuingia kwenye mahali pa masanamu. Mimi nimemwambia asiende, mama yake amemwambia aende. Nyumba haina amani.
Baba Nuru, Magomeni Mapipa

Waaleykum salaam. Hukumu ya dini kamuulize sheikh wako, mimi nilifundisha historia. Ninachoweza kukueleza ni kinachotokea pale, ili sheikh naye apewe picha iliyo kamili.

Viatu vinavuliwa na kila mtu, hata mtalii asiye na dini yoyote, kwa sababu ndiyo adabu ya mahali. Kofia nazo huvuliwa, kwa hiyo baraghashia aiweke mfukoni. Ushungi wangu hakuna aliyeuliza. Mabega na magoti yafunikwe, jambo ambalo kijana wa Magomeni hahitaji kufundishwa. Hakuna anayemshurutisha mgeni kuinama, kuwasha ubani wala kutoa maua. Anasimama pembeni, anatazama, anaondoka. Anachokatazwa kweli ni kupiga picha akiwa ameipa sanamu mgongo, na heshima ya Buddha wanaichukulia kwa uzito: mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alirudishwa kwao kwa sababu tu alikuwa na tatuu ya Buddha kwenye mkono.

Apeleke soksi. Saa saba mchana mawe yale yanaunguza, na mwenye miguu mitupu anatembea kwa kuruka huku watawa wanamwangalia kwa huruma. Soksi zinaruhusiwa.

Chakula na swala visikutie hofu. Karibu mtu mmoja kati ya kumi Sri Lanka ni Mwislamu. Kaduruwela, pale pale stendi, pana msikiti.

Na kama ni hoja ya kumtuliza mama Nuru na wewe kwa pamoja: Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji wetu, alifika Sri Lanka mwaka 1344 na akapanda mlima ambao Waislamu wanaunasibisha na Nabii Adam na Wabudha wanaunasibisha na Buddha. Alikuwa kadhi.

*

Mwalimu, nina miaka sitini na mbili na sukari. Kwenye hayo mabasi ya saa tano kuna choo?
Mama wa Kizuiani

Hakuna, dada yangu. Basi husimama mara moja kwa chai, mahali penye choo, lakini konda hatangazi kwa lugha utakayoielewa, kwa hiyo ukiona watu wanashuka na wewe shuka, na mwonyeshe konda uso wako ili asikuache. Mimi kwa umri wetu nashauri uigawe safari. Shukia Dambulla ulale, ukaone mapango matano yaliyojaa sanamu na michoro mpaka darini, kesho yake uendelee. Au panda treni kutoka stesheni ya Fort hadi Anuradhapura, ambayo ina choo, ingawa hicho choo nacho kinahitaji imani.

Dawa na kitafunwa viwe mkononi, visiwe kwenye begi. Na yale madafu yao ya rangi ya machungwa ni matamu kuliko yetu. Kwako wewe hiyo ni sababu ya kuyapita.

*

Mwalimu, kwa heshima zote. Unawahamasisha watu kuvuka bahari kutazama matofali ya watu, wakati robo tatu ya wasomaji wako hawajafika Kilwa. Huoni haya?
Mzalendo, Kinondoni Hananasifu

Haya ninayo, lakini si kwa hili. Kilwa nimewapeleka wanafunzi mpaka wakanichoka. Nawe tukupeleke: panda basi Mbagala Rangi Tatu asubuhi, teremka Kilwa Masoko, pitia ofisi ya wasimamizi wa magofu upate kibali, kisha chukua boti kuvuka hadi Kisiwani. Uone Msikiti Mkuu na kuba zake, uone Husuni Kubwa juu ya jabali. Mji huo ulipewa hadhi ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Anuradhapura na Polonnaruwa zikafuata 1982. Ndugu wa kupishana mwaka mmoja.

Lakini nikuulize na mimi. Umeshakwenda? Barua yako haikusema.

Ninachokitafuta mbali ni kile ambacho Kilwa hakinipi. Kilwa unatembea peke yako na mlinzi na mbuzi. Kule bibi amebeba maua ya kupeleka mahali palepale alipopeleka bibi wa bibi yake, na konda wa basi amempunguzia mwendo ashuke karibu. Nikirudi Kisiwani naitazama ile mihrabu kwa jicho jingine, najiuliza jinsi ilivyokuwa Ijumaa ya mwaka 1331 pakiwa na watu. Safari zote mbili zinafaa. Anza na ya Rangi Tatu, nauli yake ni rahisi zaidi.

*

Mwalimu, je, Tanzania kuna magofu ya Kibudha? Tuna kazi ya kikundi.
Kidato cha Tatu, Ubungo

Magofu hakuna. Lakini hapahapa Dar, mjini, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na uani mna mti wa Bodhi wa jamii ileile ya ule wa Anuradhapura. Kundi zima mwende, mvae sare, mbishe hodi, mseme ni kazi ya shule. Na msinakili majibu yangu neno kwa neno, mwalimu wenu pia anasoma gazeti hili.

*

Mwalimu, rafiki yangu alikwenda Anuradhapura akasema kiingilio cha mgeni ni dola nyingi mno, kuliko nauli zake zote za basi. Dereva wa bajaji akampitisha njia za nyuma bila tiketi, akalipa kidogo tu. Kwa nini hukutuambia hiyo njia?
Mjanja, Sinza

Kwa sababu naijua. Nilipewa na mimi, kabla hata sijashusha begi, na kijana mwenye tabasamu zuri sana.

Ni kweli kiingilio kinauma. Mwenyeji halipi kama mgeni, na mgeni anahesabiwa kwa dola, makumi yake, kwa kila mji mmoja. Polonnaruwa unalipa tena. Lakini tuangalie rafiki yako alionyeshwa nini. Ruwanwelisaya ni mahali pa ibada, haidai tiketi ile ya magofu. Mti wa Bodhi una kiingilio chake kidogo, mbali. Kwa hiyo dereva alimuuzia kwa bei yake vitu ambavyo angeviona hata bila dereva. Wanapokagua tiketi ni Jetavanarama, makumbusho, na Abhayagiri, na huko ndiko njia za nyuma hukupitisha mbiombio, umejikunja, huku dereva anachungulia kofia za wakaguzi.

Abhayagiri ndiyo hasa haipitwi mbiombio. Ilikuwa nyumba ya watawa kwa maelfu. Mtawa wa Kichina, Faxian, aliishi kisiwani miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5, na aliandika kwamba siku moja, kando ya sanamu ya Buddha ya jiwe la kijani, alimwona mfanyabiashara akitoa sadaka pepeo la kujipepea la hariri nyeupe la kwao China. Alikuwa ametoka nyumbani miaka mingi, wenzake wamekufa au wamebaki njiani. Akalia. Unataka kusimama hapo huku unaambiwa twende, twende?

Na kuna jiwe la kukanyagia la nusu duara, mlangoni mwa jengo moja la eneo hilo, lililochongwa safu za tembo, farasi, simba na ng'ombe wakifuatana, na ndani yao mabata wamebeba maua mdomoni. Chuchumaa ulitazame. Ukifika Polonnaruwa tafuta mawe ya aina hiyo, utaona ng'ombe ametolewa kwenye safu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kufikia wakati huo Uhindu ulikuwa na nguvu pale, na haikufaa watu wamkanyage mnyama anayeheshimiwa. Hilo hulioni ukiwa umejificha nyuma ya bajaji.

Bana kwenye basi, bana kwenye malazi, kula wali na mchuzi wa dengu wa kantini. Kiingilio lipa. Nunua tiketi kwenye ofisi yenyewe, si kwa mtu, na usiitupe ukishapita mlango wa kwanza, maana ileile inakaguliwa mahali zaidi ya pamoja. Nyani wa Polonnaruwa wanapenda karatasi iliyoko mkononi, kwa hiyo iweke mfuko wenye zipu. Huyo dereva wa bajaji bado unaweza kumchukua, wengi wao wanayajua magofu vizuri. Patana naye nauli ya nusu siku, mwambie tiketi unayo, na muulize anapokula yeye mchana.